Mchezo wa wahusika umekwama? Kagua karatasi kabla ya kulaumu dadu

Mchezo wa wahusika ni hadithi ya kusimuliana: kila mchezaji anaigiza mhusika aliyemwandika kwenye karatasi, msimulizi anaendesha hadithi na maadui, na dadu huamua kama jambo limefaulu. Makundi ya mchezo huu hapa Lamu ni madogo. Watu watatu au wanne na msimulizi mmoja, wamekaa darini baada ya Isha, birika la kahawa katikati na punda wakilia chini kwenye kichochoro. Malalamiko ninayoletewa nayo ni yale yale kila mwaka. Mtu anakuja akinambia dadu ni mbovu, au fulani anaharibu mchezo, au hadithi haina ladha. Nikiomba kuona karatasi za wahusika, mara nyingi hitilafu iko pale pale, imeandikwa kwa kalamu kabla ya yeyote kurusha dadu.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeianza na ukaguzi wa karatasi, kwa kuwa haugharimu kitu. Ukikuta tiba imefanya kazi, usiendelee kufungua zaidi.

Mifano yangu ya nambari ni ya Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014, kwa sababu ndiyo kanuni iliyo mikononi mwa makundi niliyokaa nayo. Mchezo wenyewe ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson ukatoka 1974. Kiini cha toleo hili, hati ya kanuni 5.1, hupatikana bure kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, basi asikuuzie mtu kurasa za fotokopi. Sifa sita za mhusika sisi huziita nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Zilizobaki nitazieleza tukifika.

Dalili: kila mhusika anakwenda njia yake

Kikao cha kwanza tu, mmoja yuko sokoni, wa pili kapanda jahazi kwenda Pate, wa tatu kajifungia chumbani hataki kusema na mtu. Msimulizi anawahudumia mmoja mmoja, na wakati huyu anacheza wale wawili wanasinzia. Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo hiyo: kila mtu alimtunga mhusika wake kwao. Karatasi ukiisoma peke yake ni nzuri. Zilaze zote nne mkekani, utaona watu wasio na hata sababu ya kuamkiana.

Ukaguzi ni swali moja. Mwulize kila mchezaji: mhusika wako akipotea siku tatu, nani kati ya hawa atamtafuta, na atamtafutia nini? Asiyekuwa na jibu ndiye aliyelegea. Mkikosa jibu nyote, msianze mchezo.

Tiba nyepesi huchukua kama dakika kumi na haigusi nambari yoyote. Kila mhusika afungwe na wenzake wawili: mmoja anamdai kitu, mwingine anamficha kitu. Kundi letu liliwahi kuokolewa hivi. Tulikuwa na mpiganaji, mtoto wa fundi jahazi wa Matondoni. Tulikuwa na mnajimu, ndivyo tumwitavyo mhusika wa miujiza, na tulikuwa na mjanja mmoja wa mjini ambaye hatukujua anafanya nini pale. Tukakubaliana kwamba mnajimu ndiye aliyehesabu siku njema ya kushusha chombo cha yule mzee, na chombo kikazama siku ya tatu. Mpiganaji anamdai. Mnajimu anaapa hesabu yake ilikuwa sawa. Na mjanja peke yake ndiye anayejua kwamba pamba ya kalafati iliyozibiwa mbao ilikuwa mbovu, kwa kuwa aliiuza yeye. Hakuna aliyeongezewa nguvu wala uhai, lakini vikao vitano hawakuachana hata kwenda kuchota maji.

Sababu ya pili ni mhusika mpweke. Vijana wanampenda sana: yatima, haongei, hamwamini mtu, kilemba kimefunika macho. Usimkataze mchezaji, mwache na ukimya wake, lakini mpe haja ambayo hawezi kuimaliza peke yake. Akibisha kwamba shujaa wa kweli hahitaji watu, mkumbushe Fumo Liyongo. Pwani hii haijasimuliwa mtu mwenye nguvu kumshinda, na bado hakutoka gerezani kwa misuli yake. Alimhitaji kijakazi wa kupeleka ujumbe, alimhitaji mama wa kuficha tupa ndani ya mkate wa pumba, na aliwahitaji wachezaji wa gungu wapige ngoma nje ili walinzi wasisikie chuma kikikatwa.

Sababu ya tatu ni adimu na karatasi haiitibu: wachezaji wanataka michezo miwili tofauti. Mmoja anataka vita kila robo saa, mwingine anataka posa, siasa na barua za siri. Ongeeni wazi. Mkishindwa kukubaliana baada ya vikao viwili, gawanyikeni kwa wema. Sijaona kundi la aina hiyo likishonwa likashika.

Dalili: mchezaji yuko, lakini kimya

Angalia karatasi yake kama ina vitenzi. Karatasi ya nambari tupu haimwambii mtu afanye nini. Mwandikie mistari mitatu tu: anachokitaka wiki hii, anachokiogopa, na jambo analolifanya vibaya kila mara. Huo wa tatu ndio humfungua mtu mdomo.

Kama karatasi iko sawa, tazama nani kakaa naye. Hapa kwetu kijana hasemi kabla ya mjomba wake, na adabu hiyo anaingia nayo kwenye mchezo. Nilikaa na kundi ambalo mpwa alikuwa anaomba ruhusa kwa macho kabla ya kila hatua. Tulimfanya mpwa nahodha wa chombo na mjomba akawa sarahangi wake. Ndani ya hadithi, amri ni za nahodha. Mjomba mwenyewe alifurahi, akawa anaitika "labeka nahodha" kwa sauti, na mtoto akazinduka.

Mwisho, lugha. Kanuni ni za Kiingereza na wengine wanaona aibu kuzitamka. Waambie waseme kama wasemavyo nyumbani. Mchezaji mmoja aliyekuwa hasemi kitu alianza kuwaita walinzi "ndooni hapa, ndia imefungwa!" kwa Kiamu chake, na tangu hapo tatizo likawa kumnyamazisha.

Dalili: mhusika mmoja hashindiki, wengine ni watazamaji

Uliza sifa zake alizipataje. Njia ya kurusha dadu nne za pande sita na kuiacha iliyo ndogo hutoa wastani wa zaidi kidogo ya 12 kwa kila sifa, lakini wastani hauchezi, watu ndio wanaocheza. Mmoja huamka na 18 na 17, mwenziwe kikubwa chake ni 13. Kwenye kundi la watu kumi pengo hilo hufichika. Kwa watatu linakaa uchi.

Tiba: tumieni nambari za kudumu, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, kila mtu akizipanga apendavyo. Au, kama mmeshaanza na hamtaki kufuta, rusheni seti moja ya sifa kwa pamoja na wote waitumie hiyo.

Nambari zikiwa sawa na bado mmoja anatawala, basi mmegongana kazi. Wapiganaji wawili na mjanja mmoja maana yake mjanja anacheza peke yake kila mlango, na wapiganaji wanasubiri ugomvi. Kundi dogo halihitaji kila kazi iwe na mwenyewe, ila kila mmoja awe na jambo moja analolifanya kuliko wenzake wote. Ikibidi, mpe wa pili ujuzi mwingine kabisa: kusoma nyota, kujua lahaja za visiwa, kutibu.

Na mpe kila shujaa kitovu chake. Liyongo hakupitwa na mkuki, lakini sindano ya shaba kitovuni ilimmaliza, na aliyeichoma ni mwanawe. Sisemi kila mhusika asalitiwe na mtoto. Nasema udhaifu uwe ni kitu au mtu aliyemo ndani ya hadithi. "Anachukia buibui" haina uzito kama hakuna buibui.

Dalili: pambano la kwanza limeua kundi zima

Hapa watu hulaumu dadu moja kwa moja. Fanyeni hesabu kwanza.

Kitabuni kila adui ana pointi za kupimia ugumu wake. Wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza, kwa kanuni za 2014, kipimo chao cha hatari ya kuua ni pointi 400. Zimwi mmoja ana pointi 450. Msimulizi mgeni huona "ni mmoja tu, wao wanne" akamweka mlangoni. Rungu la zimwi huumiza kwa dadu mbili za pande nane na kuongeza 4, yaani 13 kwa wastani. Mnajimu mwenye uhai 7, yaani pointi za maumivu anazoweza kubeba, akipigwa 14 au zaidi hufa papo hapo, bila nafasi ya kurusha dadu za kupigania roho, kwa kuwa kinachozidi kinafikia uhai wake wote. Pigo lifikalo 14 hutokea zaidi ya mara 4 katika kila 10 zimwi anapompata.

Vibwengo nao wana mtego wao. Mmoja ni pointi 50, anaonekana mdogo. Lakini maadui wakiwa watatu hadi sita, jumla yao huzidishwa mara mbili. Watatu ni 300, pambano gumu. Wanne ni 400, mmeshafika kwenye kuua. Wawili huzidishwa kwa moja na nusu, wakawa 150, na hapo ndipo pa kuanzia kundi la wageni wanne. Mkiwa watatu, anzeni na kibwengo mmoja, wa pili aje baada ya zamu mbili ikiwa mambo ni mepesi.

Kinyume chake pia huja: adui mkuu aliyeandaliwa mwezi mzima anakufa kwenye zamu ya kwanza. Sababu ni hesabu ya zamu. Yeye anatenda mara moja, wao mara nne. Usimwongezee uhai, hilo hurefusha tu uchovu. Mpe wasaidizi wawili dhaifu, au mpe mahali: mto unaojaa maji, ngazi nyembamba, moto unaokula makuti.

Onyo: pambano likishaharibika katikati, usibadilishe nambari kimyakimya zaidi ya mara moja. Wachezaji wananusa. Ni afadhali kusimama na kusema "nimekosea hesabu, zimwi huyu alikuwa mkubwa mno, turudi alipotokea mlangoni." Nimefanya hivyo na hakuna aliyenicheka zaidi ya siku mbili.

Dalili: hadithi imesimama, wote wanamtazama msimulizi

Sababu ya kawaida: jambo la lazima limefichwa nyuma ya mrusho mmoja. Mlango unahitaji 15, mchezaji ana nyongeza ya 2, basi lazima dadu ya pande 20 ioneshe 13 au zaidi. Hiyo ni nafasi 8 kati ya 20, asilimia 40. Yaani mara nyingi zaidi kuliko sivyo mlango haufunguki, na hukuandaa kitu kingine. Ukiwaruhusu wawili wasaidiane na kurusha dadu mbili kuchukua iliyo kubwa, nafasi inapanda hadi asilimia 64. Bado karibu mara nne kati ya kumi wanabaki nje.

Tiba ya haraka, kikaoni: mrusho ukishindwa, mlango ufunguke hata hivyo, lakini kwa gharama. Bawaba imelia na mlinzi ameamka, au kisu kimevunjikia ndani.

Tiba ya kina, nyumbani: kwa kila jambo ambalo hadithi haiwezi kuendelea bila yake, andaa njia tatu za kulifikia. Nikimfundisha msimulizi mpya humpa gereza la Liyongo kama zoezi. Tupa inaweza kuja ndani ya mkate. Mlinzi anaweza kulainishwa kwa chakula, maana hawa walikuwa wakila vizuri vya mama na kumwachia mfungwa makombo. Ngoma ya nje inaweza kufunika kelele, na pia inaweza kuwaita walinzi wakatazame. Wachezaji wangu wa mwisho hawakuchagua hata moja kati ya hizo. Walijifanya wachukuzi wa maji, na nikawaachia, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua gereza lina nini na nani ana njaa.

Sababu nyingine ya kukwama ni nyepesi: hawajui wanataka nini. Rudi kwenye ile mistari mitatu ya karatasi, msomee kila mtu mstari wake wa kwanza kwa sauti. Mara nyingi hapo hapo mmoja atasimama.

Dalili: umeandaa kurasa kumi, wametumia moja

Umeandika watakachofanya wao. Andika watakachofanya maadui iwapo hakuna atakayewazuia, kesho, keshokutwa na Ijumaa. Nusu ukurasa unatosha kikao cha saa tatu.

Dalili: vikao havifanyiki

Kundi dogo hufa kwa kukosekana mtu mmoja. Angalieni kwanza kalenda ya kweli ya kisiwa: wakati wa kusi aliyeko Manda au Kizingitini hawezi kuahidi, mwezi wa Maulidi nyumba zote zina wageni, na Ramadhani kikao huanza baada ya Tarawehe na kumalizika kabla ya daku. Ramadhani, kwa kweli, ndiyo msimu wetu bora.

Wekeni kanuni: wawili kati ya watatu wakifika, mnacheza, na mhusika wa aliyekosa amebaki kulinda chombo. Vikao viwe hadithi fupi zinazoisha usiku ule ule. Safari ya miezi sita inataka watu ambao hawana kazi ya baharini.

Dalili: dadu imepotea, au inapendelea nambari

Imepotea ile ya pande 20: chukua karata za moja hadi kumi, rangi zote. Nyeusi ni 1 hadi 10, nyekundu zihesabu 11 hadi 20. Vuta moja, irudishe, changanya. Usiporudisha, nafasi zinabadilika na mjanja wa kuhesabu karata atawamaliza.

Inapendelea: irushe hiyo ya pande 20 mara 100 na uandike. Kila nambari inatarajiwa kama mara tano. Mbili au tisa ni kawaida, kumi na nane si kawaida. Kipimo cha pili ni kuielesha kwenye glasi ya maji ya chumvi na kuisukuma kwa kidole, ukitazama kama upande ule ule unarudi juu. Watu hukimbilia kuchota maji ya bahari kwa kuwa yako mlangoni, na dadu inazama chini kama kokoto. Bahari haina uzito wa kutosha kwa plastiki. Koroga chumvi ya jikoni ndani ya maji ya vuguvugu mpaka ikatae kuyeyuka, hapo dadu nyingi zitaelea.

Dalili: mpita njia anauliza kama ni kamari, au uchawi

Swali ni la haki, lijibu kwa heshima. Hakuna pesa, hakuna dau, hakuna anayeshinda. Kama dadu yenyewe ndiyo inayomkera mzee wa nyumba, usibishane naye fiqhi barazani kwake: tumieni vijikaratasi vyenye nambari ndani ya kifuko, hesabu ni ile ile. Na maneno nayo chagueni. Sisi tuliacha kumwita mhusika wa miujiza "mchawi" tangu mama mmoja aliposikia mwanawe akisema "mimi ni mchawi wa ngazi ya tatu" dirishani. Mnajimu anatosha.

Simamisha mchezo kabisa ukiona haya

Pesa imeingia, hata shilingi hamsini "za utani" juu ya mrusho. Hiyo sasa ni kamari na aliyeuliza alikuwa na haki.

Ugomvi wa wahusika umekuwa wa watu: mtu anamwita mwenziwe kwa jina lake la kweli na tusi la kweli. Kunjeni mkeka. Wapatanishwe kesho na mtu mzima wanayemheshimu wote wawili, asiyekuwa mchezaji.

Mchezaji ametetemeka, amelia au ameduwaa kwa jambo la hadithi, labda kuzama kwa chombo, na kwao kuna aliyezama. Sisi tuna kadi moja katikati ya mkeka. Yeyote akiigusa, tukio linafutwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Mtindo huo ulianzishwa na mbunifu wa michezo John Stavropoulos mwaka 2013, na haujawahi kutuharibia kikao.

Akiendelea hivyo baada ya mchezo, halali, hali, au anazungumza kuhusu kujidhuru, hilo si la msimulizi wala si la kundi. Usimwache arudi peke yake usiku huo. Msindikize mpaka mlangoni kwao, umwambie mzazi au mkubwa wake ana kwa ana ulichokiona, na asubuhi apelekwe hospitali au kwa mshauri nasaha.